Maswali ya Wasomaji: Je, Adhuhuri ya Stoo Yatosha Siku ya Ijumaa?

SWALI: Assalamu alaykum, Ustadh. Nimeajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Tajiri wangu si Mwislamu, ila hajawahi kunikataza kuswali. Ijumaa ndiyo siku lori la saruji linaposhusha mzigo, kwa hiyo hutandika katoni stoo, nyuma ya mifuko, nikaswali rakaa nne za Adhuhuri peke yangu. Kaka yangu hunilaumu kwa kukosa swala ya Ijumaa msikitini, nami humjibu kwamba Mwenyezi Mungu husikia popote. Je, nina kosa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kwamba Mwenyezi Mungu husikia popote ni kweli isiyo na shaka, na ndiyo maana swala unazoziswali stoo siku nyingine, zikitimiza masharti, husihi, yaani huwa sahihi. Ijumaa ni faradhi ya namna yake. Mtu akikosa jamaa, yaani kuswali pamoja na wenzake, katika swala tano za kila siku huswali peke yake ikatosha, lakini swala ya Ijumaa haisihi ila kwa jamaa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunayafuata, wanahitajika wanaume 40 wakazi wa mahali hapo, ilhali Imam Abu Hanifa ameridhika na watatu mbali na imamu. Kwa hiyo ikhlasi yako, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuihamishia Ijumaa nyuma ya mifuko ya saruji, kwa sababu linalotakiwa kwako siku hiyo ni kuhudhuria wewe mwenyewe, usikilize hotuba pamoja na wenzako na usimame nao safu moja. Tena ujue kwamba, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, mwenye kuwajibikiwa na Ijumaa akiswali Adhuhuri kabla imamu hajatoa salamu, Adhuhuri yake haisihi.

Naona aya ya 9 ya Suratul Jumua kana kwamba imeteremshwa kwa watu wa kazi yako hasa: “Enyi mlioamini! Inapoadhiniwa Swala siku ya Ijumaa, nendeni upesi kwenye dhikri ya Mwenyezi Mungu, na acheni biashara.” Aya inayofuata inawaruhusu watu, swala ikishakwisha, watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Hatukuamrishwa kufunga duka kutwa nzima. Tumeombwa saa moja hivi, kisha turudi kazini kwa idhini ya Mola wetu. Aya ya 11 inataja kisa kinachofanana mno na chako: Mtume (s.a.w.) alikuwa amesimama akihutubu, ukaingia Madina msafara wa chakula, watu wakaukimbilia hata wakabaki naye 12 tu. Hao nao walikuwa na shida ya kweli, na bado Mwenyezi Mungu aliwakanya.

Mtume ameonya pia kwamba mwenye kuacha Ijumaa tatu kwa kupuuza, Mwenyezi Mungu huupiga muhuri moyo wake. Sikutajii hili ili nikukatishe tamaa. Onyo ni kwa mwenye kupuuza, na wewe uliyechukua kalamu kuuliza huonekani kuwa mmoja wao. Mgonjwa na msafiri wana udhuru, na vivyo hivyo anayechelea mali aliyokabidhiwa isiibwe ikiwa hakuna mwingine wa kuilinda. Lakini duka lenye wafanyakazi wengine halikupi udhuru huo.

Zungumza na tajiri wako mapema, si Ijumaa lori likiwa tayari limeegeshwa mlangoni. Mwombe mzigo ushushwe asubuhi au baada ya saa nane, nawe ujitolee kufidia muda huo jioni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa kuabudu, ila kwa mtu ambaye hajakukataza hata siku moja, ningeanza kwa maneno mazuri. Angalia pia saa unayoifuata: jua hufika utosini Kisumu takriban dakika 20 baada ya Mombasa, kwa hiyo adhana ya Mombasa unayoisikia redioni si yako. Hapa wakati huingia baina ya saa sita na nusu na saa saba kasoro, kutegemea mwezi, na mara nyingi swala huangukia karibu na mapumziko ya chakula. Ukichelewa ukaidiriki rukuu (kuinama) ya rakaa ya pili, umeipata Ijumaa. Utaongeza rakaa moja baada ya imamu kutoa salamu. Ukiikosa rukuu hiyo, jiunge kwa nia ya Ijumaa, kisha ukamilishe rakaa nne za Adhuhuri.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mumias. Je, nami nalazimika kwenda Ijumaa?
Msomaji, Mumias

JIBU: Hulazimiki, mama, wala huna dhambi ukibaki nyumbani. Hata hivyo, Mtume amekataza wanawake wasizuiwe kwenda misikitini, na hotuba ni elimu ambayo nawe una haki nayo. Ukienda ukaiswali, imekutosha na huswali Adhuhuri tena. Ukibaki, swali Adhuhuri yako mara wakati unapoingia, bila kungoja wanaume watoke msikitini.