Maswali ya Wasomaji: Milimita 4.5 au 5.5?

SWALI: Mpwa wangu yuko Uingereza, na mwenye shamba kamruhusu awinde sungura kwa bunduki ya upepo. Achukue kipenyo gani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kama ni mwanagenzi, achukue 4.5. England bunduki ya upepo isiyohitaji kibali cha polisi haizidi nguvu ya joule 16 hivi, kipenyo chochote. Nguvu ikiwa ile ile, risasi nzito huenda polepole: ya 4.5, gramu 0.5, hutoka kwa mita 240 hivi kwa sekunde, ya 5.5, gramu 1, kwa 175 tu. Hii ya pili hushuka mapema. Akikisia mita 30 na sungura yuko 36, risasi itapita chini ya ubongo, ivunje taya, na mnyama akimbilie shimoni kufa taratibu. Ya 5.5 hugonga kwa kishindo zaidi, lakini yataka jicho linalojua kupima umbali.

Alenge kati ya jicho na sikio. Risasi ziwe za kichwa cha mviringo. Zilizochongoka hazina faida. Apige tano kwenye karatasi, mita 25: matundu yasipofunikwa na sarafu ya shilingi ishirini, abadilishe aina ya risasi kwanza, si bunduki.

Akija likizo asithubutu: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977.