Mleta uzi, usiguse sura zako za zamani

Acha. Funga hiyo kompyuta, kale kwanza, halafu urudi usome hapa.

Umeuliza mambo matatu: ufanyeje hadithi zako za mashabiki, zile unazoandika kwa wahusika wa katuni ya Kijapani ya Naruto, zitambulike kuwa ni zako hata jina likifichwa, uziweke Wattpad au AO3 (tovuti za kubandika hadithi), na uwajibu vipi wanaokutukana kwenye maoni. Sawa. Ila katikati umepitisha kimyakimya kwamba wikiendi hii unaandika upya sura zote, kila moja ianze na methali na kila "akasema" iondoke, kisa kuna "kocha" kakwambia maandishi yako hayana saini. Hapo ndipo chai iliponipoa mkononi.

Njia hiyo nimepita, na mwenzio kocha nilimlipa. Tulikuwa naye kwenye kundi la WhatsApp, hela inatangulia, somo linafuata kwa sauti, dakika kumi za kukohoa na "tuko pamoja?" Akatutumia orodha ndefu ya maneno ya kuweka badala ya "akasema": akanena, akatamka, akaropoka, akabwabwaja. Mimi kwa utiifu wangu nikaitumia yote. Kwenye sura moja Kakashi, mwalimu wa Naruto, alibwabwaja mara tatu. Kakashi! Mtu ambaye akiongezewa neno la pili anaona umemuonea.

Nikuonyeshe hasara ilivyokuwa. Iruka, mwalimu wake wa shuleni, kampeleka Naruto kula rameni (tambi za Kijapani) kwenye kibanda cha Ichiraku, tukio ambalo kila shabiki ameliandika walau mara moja. Langu la zamani lilikuwa hivi:

"Iruka akalipa. Naruto akasogeza bakuli. 'Mwalimu, mbona wewe huli?' 'Mvua itanyesha leo,' Iruka akasema."

Basi. Baada ya kocha likawa hivi:

"Mwezi ulichungulia mithili ya bibi harusi nyuma ya pazia la mawingu, ilhali Iruka, kwa moyo uliosheheni huruma isiyo na ufuo, akatamka kwa sauti nyororo kwamba hakika tumbo lake lilikwisha kushiba."

Cheka tu, mimi nilishacheka hadi nikazoea. Nilipomaliza kupamba hadithi nzima, sikubandika juu ya ile ya zamani. Hapana, mimi mtu wa kufanya mambo kamili: nikaifuta AO3, nikaweka mpya. Ukifuta kazi pale, maoni ya wasomaji yanakwenda nayo. Na kulikuwa na njia ya kuiacha yatima, yaani jina lako linaondoka, kazi na maoni vinabaki palepale. Kocha hakuijua. Angeijuaje, wakati nilikuja kugundua hajawahi kuandika hata hadithi moja ya mashabiki? Yale masomo yalikuwa ya insha za darasa la saba, kabadilisha jalada tu. Nakala za kwenye simu nazo nilizifuta, nisije nikashawishika kurudi nyuma.

Siku chache baadaye msomaji mmoja wa siku nyingi akaandika chini ya ile mpya: "Nani kaiba akaunti ya dada yetu?" Nikamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba watu wa kwenye hadithi zangu wakiulizwa swali hujibu jingine, na mtu akiwa na huzuni huzungumzia hali ya hewa. Akaongeza kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemfanya Naruto amuite Kakashi "mwalimu" kila siku, halafu "Kakashi" kavu siku aliyokasirika. Wallahi sikuwa najua kama nafanya hivyo. Kocha naye hakujua, ndiyo maana alinifutisha vyote.

Tatizo la hawa watu wanadhani mtindo ni mapambo. Kwenye hadithi za mashabiki wahusika si wako, kijiji si chako, hata bakuli la rameni si lako. Watu mia wanaandika tukio moja. Kilichobaki cha kwako ni namna unavyosimulia, na sehemu kubwa yake iko kwenye vitu vidogo usivyoviangalia ukiandika: "ila" au "lakini", unarundika -ka- nne mfululizo au unakata sentensi, mazungumzo yanaishia kwenye jibu au kwenye ukimya, nani anamuita nani vipi.

Na si mimi tu ninayesema. Kuna makala 12 za Federalist za kule Marekani, za mwaka 1788 za kuitetea katiba mpya, ambazo watu walibishana muda mrefu kama ni za Alexander Hamilton au James Madison, maana wote walijificha nyuma ya jina moja, Publius (mashabiki wa kwanza wenye jina la bandia, ukiniuliza mimi). Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, wakatoa kitabu cha uchunguzi wao. Hawakuhangaika na tamathali wala maneno makubwa. Walihesabu vineno. Hamilton alikuwa akimwaga "upon" (yaani "juu ya") kila mahali, Madison kwa nadra sana. Jibu likaelemea kwa Madison. Sasa nenda kamwambie kocha wako watu hutambulika kwa methali.

Kwa hiyo fanya hivi KABLA ya kuhariri hata nukta. Chukua ukurasa wako mmoja, tafuta za waandishi wengine watatu kuhusu tukio hilohilo, ondoa majina, mpe mtu anayekusoma. Muulize upi ni wangu, na nini kimekuonyesha. Anachokigusa kwa kidole, wewe usikiguse kwa kalamu. Mpe na mtu wa pili. Wakitaja kitu kimoja wote wawili, hicho kiandike kwenye karatasi ubandike ukutani, na yeyote atakayekuuzia orodha ya kubwabwaja mwambie umefunga.

Isipokuwa tahajia. Rafiki yangu mmoja alinitambua kwa sababu naandika "alafu". Hilo nilirekebisha, na wewe umeandika "uwa nasoma" mara mbili kwenye uzi wako, kwa hiyo usijifanye hujaelewa.

Methali si dhambi. Kama Jiraiya wako ni mzee wa methali, mwache azimwage, ni zake. Ila Sasuke, kijana asiye na maneno mengi, akianza sura na "haba na haba" kwa sababu tu kocha kasema, msomaji atafunga simu alale.

Nimesoma sura yako ya tatu, Naruto kwenye bembea nje ya shule, anahesabu wazazi wanaokuja kuchukua watoto wao na anaruka namba kila akiona anayemfahamu. Hiyo ya kuruka namba hukuambiwa na mtu. Na ndiyo sura ya kwanza kwenye orodha yako ya kuandika upya.

Nakala umehifadhi wapi? Nijibu hilo kwanza, mengine wakuu watakusaidia.