Kibonde Hataki Huruma

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kwa nini filamu za kuchekesha kuhusu timu vibonde zinapendwa hata na watu wasiojua ofsaidi ni nini. Najua wengi watawajibu kuwa ni kwa sababu kibonde hushinda mwishoni. Mimi nakataa. Mwisho ndio sehemu dhaifu kuliko zote katika filamu hizo: bao la dakika ya 90, kocha analia, watu wanabebana. Hayo tunayajua tangu tunapokaa kwenye benchi la kibanda cha video.

Tunazipenda kwa sababu kichekesho hakimhurumii kibonde. Filamu ya majonzi ikimpata mchezaji maskini humfanya malaika, mpole na mvumilivu, mama yake anaumwa nyumbani. Kichekesho humwachia tabia zake. Utakuta beki mvivu, golikipa mwenye mdomo mkubwa, na mshambuliaji anayegombea jezi namba 10 wakati timu haijapata bao msimu mzima. Hao tunacheza nao kila jioni Mabatini na Igoma. Ndiyo maana kibanda umiza hapa Kirumba hulipuka kwa kicheko kabla hata mtafsiri hajamaliza sentensi, na wauza dagaa waliopita tu kuulizia chenji nao husimama mlangoni wakaangalia.

Chukueni Cool Runnings ya mwaka 1993, kuhusu Wajamaika walioingia mbio za vigari vya barafu katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988 kule Calgary, Kanada. Jamaika haina theluji. Wazo lenyewe lilitoka kwa Wamarekani wawili walioona mashindano ya mikokoteni kisiwani humo, wakaona yanafanana na mchezo huo. Kijana anayesukuma mkokoteni wa samaki soko la Mwaloni hahitaji kufafanuliwa hapo: unasukuma kwa nguvu zote, unadandia, halafu mteremko unakuonyesha kama breki yako ni miguu au maombi. Katika mashindano yenyewe chombo kilipinduka, jamaa wakatoka wazima, wakatembea kando yake hadi mwisho. Filamu iliongeza chumvi, ikawabebesha chombo hicho mabegani. Lakini haikuwapa medali, na kwa hilo naiheshimu sana.

Nyingine ni Next Goal Wins ya 2023, kuhusu timu ya taifa ya soka ya visiwa vya Samoa ya Marekani. Samoa ya Marekani ilifungwa na Australia 31–0 mwezi Aprili 2001, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Wachezaji wao wengi walikuwa wamekwamishwa na masuala ya pasipoti, wakapelekwa watoto. (Mtu yeyote aliyewahi kuongoza timu ndogo anajua kwamba mechi nyingi hupotea mezani, kwenye makaratasi na nauli, kabla ya filimbi.) Katika filamu, wenye timu wanamwomba kocha mgeni bao moja tu. Bao la kufutia machozi! Shabiki wa timu kubwa hawezi kujua bao hilo lina uzito gani. Mwaka 2011 waliifunga Tonga 2–1, na golini alikuwa Nicky Salapu, yuleyule aliyeokota mipira 31 wavuni. Kwangu mimi miaka kumi ya mtu huyo kuendelea kuvaa glavu inazidi ushindi wenyewe.

Sisi wa Mwanza tumeyaishi haya. Timu yetu ya Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi iliporudi msimu wa 2024/25. Miaka hiyo yote, waliokuwa wakiitania zaidi pale uwanja wa Nyamagana ndio walewale waliolipa kiingilio wiki iliyofuata. Waliokuwa wakiisikitikia walishahamia Simba na Yanga.

Natamani watunzi wetu watengeneze filamu ya namna hii ya huku Kanda ya Ziwa. Timu inatoka Ukerewe, inapanda meli Nansio kuja kucheza Mwanza. Nahodha wao ni mvuvi lakini anatapika njia nzima, katibu kasahau leseni za wachezaji, na wanabishana nani atakula samaki wa kocha. Wasishinde, tafadhali. Wafungwe 4–1, na hilo moja alifunge yule beki mvivu.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza