Fundi, hizi breki nibadilishe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata baiskeli ya mbio ya mtumba pale Mlango Mmoja, breki zake ni Shimano 105 za miaka ya 1980. Jamaa ananiuzia Dura-Ace za enzi hizohizo kwa bei ya mbuzi. Nichukue? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba. Mbuzi wako mwache zizini. Enzi hizo Dura-Ace ndiyo ilikuwa daraja la juu kwa Shimano, chini yake 600, halafu 105. Ni nyepesi zaidi, inang'aa, na hailegei ovyo ikichakaa. Ila kwa nguvu ya kubana hazipishani sana, maana kwa zote mbili mikono ya breki huzungukia bolti moja ya katikati.

Mimi mwenyewe natumia 105. Kinachonisimamisha mteremko wa Bugando ni raba mpya za breki na waya mpya. Raba za zamani hukauka zikawa ngumu kama kwato. Zipige msasa, zikigoma tupa. Kisha gonga rimu. Kama ni za chuma, mvua ya ziwani ikishuka, hata Dura-Ace itakupitisha kona huku umefinya hadi vidole vimekufa ganzi. Hela ya mbuzi nunulia rimu za alumini.

Ukiwa na hamu ya breki bado, tafuta zenye maegemeo mawili, yaani kila mkono una mahali pake pa kuzungukia, zilizoenea miaka ya 1990. Hata 105 ya aina hiyo inabana kuliko hiyo Dura-Ace ya jamaa. Pima kwanza kama raba zitafika kwenye rimu.