Siku tamu kuliko zote: 28 Septemba 2011
Umeuliza siku gani ya ligi kuu ya besiboli Marekani ilikuwa tamu kuliko zote. Hii haina mpinzani, siku ya mwisho ya msimu wa kawaida. Tampa Bay Rays walikuwa nyuma 7-0 mbele ya Yankees hadi awamu ya 8 kati ya 9 za kawaida. Wakasawazisha! Awamu ya 12 Evan Longoria akaupiga mpira ukavuka uzio, 8-7. Dakika chache tu kabla yake, Boston Red Sox walikuwa wamechapwa 4-3 na Baltimore, mechi waliyokuwa wakiiongoza hadi awamu ya mwisho. Nafasi ya mtoano ambayo Boston na Rays walikuwa wakiigombania ikaenda kwa Rays. Timu ya Atlanta nayo ikalala kwa Phillies, hivyo Cardinals wakapenya kwenye mtoano badala yake, na mwezi uliofuata wakabeba ubingwa.