Maswali yenu ya kwanta: nani alikuwa sahihi, na mengineyo

*Kati ya Heisenberg na Schrödinger, nani alikuwa sahihi? (Msomaji, Kisauni)*

Wote wawili. Wanafizikia hawa walitafuta hesabu ya kwanta, yaani ya jinsi chembe ndogo sana kama elektroni zinavyoenenda. Swali hili hurudi kila mara, ilhali lilijibiwa tangu 1926. Heisenberg alitangulia na matriksi, yaani majedwali ya namba, mwaka 1925, na wenzake Born na Jordan wakaziimarisha. Schrödinger akafuata na mlinganyo wa wimbi, kisha akaonyesha mwenyewe kwamba hesabu hizo mbili ni kitu kimoja. Elektroni ya hidrojeni, katika hali yake ya chini kabisa, ina nishati ya -13.6 elektronivolti (kipimo cha nishati cha chembe); mwanafizikia Pauli alifika huko kwa matriksi, Schrödinger kwa wimbi. Kabla hujaniuliza tena habari ya mshindi, keti uifanye hesabu hiyo kwa mkono wako.

*Kama ni kitu kimoja, njia nyingi za nini? (Msomaji, Likoni)*

Hili ndilo swali. Kutoka kisiwani Mombasa kwenda Ukunda utavuka kwa feri au utazungukia barabara ya Dongo Kundu. Mwenye lori na mwenda kwa miguu hawachagui sawa. Ndivyo zilivyo hesabu hizi: kila moja ina kazi inayoifaa. Mwaka 1948 mwanafizikia Feynman alijumlisha njia zote ambazo chembe ingeweza kupita. Wengi huishia kusema "chembe hupita kila mahali" wakadhani wameelewa. Hawajaelewa: kila njia hubeba namba changamano, yaani namba yenye ukubwa na mwelekeo, na nyingi hufutana. Mbinu hiyo ni hazina katika nadharia ya nyuga (kama uga wa sumaku), lakini hidrojeni iliishinda hadi Duru na Kleinert walipoitatua mwaka 1979! Wigner naye, mwaka 1932, aliweka mahali pa chembe na momenta yake (masi mara kasi) katika fomula moja. Inasaidia sana katika utafiti wa mwanga, ila thamani zake huweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo msiziite uwezekano.

*Bohm je? Yeye aliondoa bahati nasibu. (Msomaji, Changamwe)*

Kwa kawaida kwanta hutoa uwezekano tu wa chembe kupatikana mahali fulani. Mwaka 1952 mwanafizikia Bohm alizipa chembe mahali halisi wakati wote, zikiongozwa na wimbi. Utabiri wa matokeo ya majaribio haubadiliki. Gharama yake ni kwamba chembe iliyo mbali huiathiri ya hapa papo hapo. Anayempenda Bohm aikubali na gharama hiyo.

*Nianzie wapi? (Msomaji, Mvita)*

Namba changamano na aljebra ya matriksi. Video baadaye.

*Nimeuziwa bangili ya "nguvu za kwanta" ya kutibu mgongo. Inafanya kazi? (Msomaji, Nyali)*

Haifanyi. Hakuna hata mmoja wa niliowataja aliyeandika kitu kinachoiunga mkono. Dai pesa zako, na mgongo upeleke kwa daktari.