Mwanangu, Constantine aliukuta Ukristo, hakuutunga

Mwanangu mpendwa,

Voisi yako nimeisikiliza yote, nimeona bora nikuandikie maana hili la kwenye simu haliishi. Unasema kazini kwenu mkikaa kula mchana wenzako wanashikilia kwamba Ukristo ulitungwa na kaisari wa Roma, Constantine, mwaka 325 kwenye mkutano wa maaskofu pale Nicaea, mji wa Uturuki ya leo, eti akawakusanya maaskofu wakachagua vitabu vya Biblia ili watu watawalike vizuri, we ukakosa la kujibu ukaniuliza mama kuna ukweli gani humo. Upo kidogo na ntakwambia ni upi, ila msingi wenyewe sio. Constantine aliukuta Ukristo una karibu miaka 300, tena makaisari waliomtangulia walishaupiga mpaka wakachoka.

Kulikuwa na gavana anaitwa Pliny, upande wa kaskazini wa Uturuki ya leo, kwenye mwaka 112 hivi akamwandikia kaisari Trajan kuomba ushauri kwa sababu Wakristo wameletwa mbele yake na hajui awafanyeje. Barua ipo hadi leo. Anasema hawa watu wana siku yao wanakutana kabla hakujakucha, wanamwimbia Kristo kama mungu, wanaapa kutoiba wala kuzini, baadaye wanakutana tena kula pamoja, na ili apate ukweli zaidi aliwatesa watumwa wawili wanawake waliokuwa wahudumu kwenye kanisa lao. Sasa huyo sio askofu anajitetea, ni afisa wa serikali ambaye hata hawapendi, na anaandika miaka 200 na zaidi kabla ya Nicaea!

Kinachonigusa mimi zaidi ni zile karatasi za mafunjo za Misri. Mwaka 249 kaisari Decius aliamuru kila mtu katika dola atoe sadaka kwa miungu, akimaliza anapewa cheti, na vyeti zaidi ya 40 vimechimbuliwa kule Misri. Kimoja ni cha mzee Aurelius Diogenes wa Fayum, miaka 72, ana kovu kwenye nyusi ya kulia, yaani wameandika mpaka kovu, na anasema siku zote nimetoa sadaka kwa miungu na sasa mbele yenu nimetoa, nimemimina kinywaji, nimeonja nyama, naomba mnithibitishie. Tarehe 26 Juni 250. Amri ilikuwa ya wote sio ya Wakristo peke yao, lakini we fikiria Mkristo akifika mbele ya kamati ile, atoe sadaka, au ahonge apate cheti bila kutoa, au akatae na yampate ya kumpata. Wengi walitoa. Mateso yalipopoa kanisa likagombana vibaya juu ya hao walioanguka, wapokelewe au wafukuzwe, na Cyprian askofu wa Carthage, mji wa Afrika ya kaskazini, alihangaika na ugomvi huo miaka mingi mpaka naye akakatwa kichwa mwaka 258. Dini ambayo haijatungwa bado inagombaniaje nani arudi kundini?

Na kwa nini serikali iliwaandama? Dola lilikuwa hoi. Kati ya 235 na 284 walipita makaisari zaidi ya 20, wengi wao waliuawa na askari wao wenyewe, kukawa na tauni, sarafu za fedha zikachakachuliwa mpaka fedha yenyewe imebaki rangi tu juu, na mwaka 260 kaisari Valerian akatekwa na Waajemi. Watu wakasema miungu imekasirika, na wa kulaumiwa ni hao wasiotoa sadaka. Kaisari Diocletian akalisimamisha tena dola, halafu mwaka 303 akaanza mateso makubwa kuliko yote, makanisa yabomolewe na vitabu vyao vichomwe. Waulize wenzako hapo, kama maandiko yalitungwa 325, 303 walikuwa wanachoma nini? Mwaka 311 kaisari Galerius, ambaye alikuwa mkali kuliko wote, akiwa mgonjwa wa kufa alitoa ruhusa waabudu na akawaomba wamwombee kwa Mungu wao. Constantine alikuja kushinda vita vya daraja la Milvian mwaka uliofuata, na 313 yeye na kaisari mwenzake Licinius wakakubaliana kule Milan kila mtu aabudu atakavyo na mali za makanisa zirudishwe.

Nicaea yenyewe haikugusa orodha ya vitabu. Walijadili tarehe ya Pasaka, nidhamu ya mapadri, na zaidi ya yote Arius, padri wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Lile neno tunalosali kwenye sala ya imani, Nasadiki, "aliyezaliwa bila kuumbwa", ndio jibu walilopewa watu wa Arius. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovisoma tunaikuta kwenye barua ya Athanasius, askofu wa Alexandria, ya mwaka 367, na huyo alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano na makaisari, kwa hiyo kibaraka wao hakuwa.

Ila wenzako wana pahala wamegusa kweli na usiwakatalie. Aliyeita mkutano ni Constantine, na Arius alipelekwa uhamishoni kwa mkono wa serikali. Mwaka 380 kaisari Theodosius akaifanya imani ya Nicaea kuwa dini ya dola, na miaka michache baadaye kule Trier askofu Priscillian akauawa kwa amri ya kaisari Mkristo baada ya maaskofu wenzake kumshtaki. Askofu Martin wa Tours alipinga asiuawe, hawakumsikia. Hilo linaniuma mwanangu, maana hata miaka 100 haikuwa imepita tangu wao wenyewe wanauawa.

Na lile uliloongeza mwishoni, eti Ukristo ndio ulioiangusha Roma kwa kuwafanya watu wapole. Wapagani walisema hivyo hivyo Alaric na Wagothi walipouteka mji 410, lakini Alaric mwenyewe alikuwa Mkristo, wa mafundisho ya Arius, na upole wake sijauona. Halafu upande wa mashariki wa dola, ambako Wakristo walikuwa wengi zaidi, ndio uliosimama mpaka 1453. Magharibi kilichowamaliza ni kugombania ukaisari wenyewe kwa wenyewe na kukosa kodi, Wavandali, kabila lingine la wavamizi, walipoichukua Carthage 439 kodi na nafaka za Afrika zikakatika, na askari hawapigani bure. 476 jemadari Odoacer alipomwondoa Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa magharibi, ambaye alikuwa mtoto tu, hakuhangaika hata kumuua, akampangia posho akaenda kuishi Campania, huko huko Italia.

Wakikurudishia swali lingine nitumie.

Mama yako